Chumba Alichouawa Mpangaji



Mwaka jana safari ilinifikisha Tunduma, na baada ya sala ya Ijumaa alinijia kijana mmoja ambaye umri wake haukupata miaka ishirini na mitano. Alinishika mkono, akanivuta kando upenuni mwa msikiti, akasema, "Shekhe, nina jambo la nyumba ya mama, na haya zanizuia kulisema mbele za watu." Nilimwambia akae, aseme.

Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori, na kwa mshahara wa safari za Dar es Salaam na Ndola alijenga, tofali kwa tofali, nyumba ya vyumba sita vya mstari, na uani choo kimoja na bomba moja. Alipofariki, hilo ndilo shamba alilomwachia mkewe. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo unga, ndiyo ada ya shule, ndiyo dawa za mama. Katika chumba cha tatu alipanga mfanya biashara wa mahindi na maharagwe, mtu mpole, pamoja na mkewe na watoto wawili wadogo. Alilipa kodi ya miezi sita kama ilivyo desturi. Ulipomalizika mwezi wa tatu, usiku wa siku aliyouza shehena yake, wezi walimwingilia, wakauvunja mlango kwa jiwe, wakamwua mbele ya mkewe, wakachukua fedha. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwani damu ya mtu si hadithi ya kupitishia wakati.

Polisi walikuja, chumba kikafungwa siku tisa, watu wawili wakakamatwa, na siku ile tulipokutana kesi ilikuwa bado. Lakini maneno ya kijana yule hayakuwa juu ya wezi. "Wale wana serikali yao," aliniambia, "mimi nina nyumba." Katika muda wa wiki mbili wapangaji wa vyumba vitatu walihama. Waliobaki walimtaka mama amtoe yule mjane, wakidai kwamba mkosi umebaki naye. Dalali naye alitoa shauri lake: pakeni rangi, wekeni mlango mpya, mtoeni mwanamke, nami nitawaletea mgeni wa njiani asiyejua lolote. Na mama ameshika kauli moja tu, kwamba kodi ya miezi mitatu iliyobaki hairudi kwa mtu, maana ndiyo itakayotengeneza mlango na sakafu.

Nilimjibu kwa kadiri ya muda tuliokuwa nao, na nyumbani niliendelea kulifikiri jambo lile. Nimeona nilieleze hapa, kwa kuwa si jambo la nyumba moja. Tunduma ni mji wa wapangaji. Mpaka wa Tanzania na Zambia umepita ubavuni mwake, hata mtu huvuka kwa miguu kwenda kununua kitu Nakonde akarudi kabla ya chai kupoa. Barabara kuu iendayo Zambia na Kongo hupita hapo, na reli ya TAZARA hupita hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliukuta mji huu na watu wasiotimia laki moja, na ile ya 2022 iliwakuta wamepita laki mbili. Songwe ilikatwa kutoka Mbeya ikawa mkoa mwaka 2016, na kituo cha pamoja cha mpakani kikafunguliwa Oktoba 2019. Mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, utingo, mama lishe, wanunuzi wa mahindi na wa kahawa ya Mbozi, walimu na askari, wote hao hulala katika vyumba vya watu. Wengi ni wageni wasiojuana, na wengi hukaa na fedha chumbani. Basi yaliyoipata nyumba ya mama yule yanaweza kuipata nyumba yoyote, na ni kheri mtu ajue la kufanya kabla hajashikwa na kiwewe.

Jambo la mwanzo ni kuacha. Mwenye nyumba akiamka na kukuta msiba wa namna hii, asioshe, asifagie, asipange vitu, wala asiwaruhusu majirani waingie kutazama. Najua tabia yetu: akina mama hukimbilia ndoo na ufagio kwa kumsitiri maiti, na nia yao ni njema. Lakini katika sakafu ile na kitasa kile ndimo ulimo ushahidi, na kuuharibu kwa kusudi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Maiti asitiriwe kwa shuka, chumba kifungwe, aitwe mwenyekiti wa mtaa, waitwe polisi. Nao wakichukua kitu, awe ni mtungi, simu au godoro, sheria inawapasa watoe hati ya kuonyesha vilivyochukuliwa, itiwe saini na mashahidi. Mwenye nyumba aiombe hati hiyo na kuitunza, kwa sababu kesho ndugu wa marehemu watauliza simu iko wapi, na jibu la "nadhani walichukua" limewatia wengi katika tuhuma.

Polisi wakisema chumba kimefunguliwa, hapo ndipo yaja kazi ambayo hakuna anayependa kuitaja. Nani ataosha? Kwetu huangukia kwa mwenye nyumba au kwa wafiwa, na mara nyingi huitwa kijana wa mtaani, akapewa elfu chache bila kuambiwa anachokwenda kukikuta. Hiyo ni dhulma. Mtu aambiwe kwanza, akubali, alipwe ujira wa kazi nzito, tena apewe glavu na viatu vya mpira, kwa maana damu iliyokauka nayo ina madhara yake: kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili siku saba au zaidi. Maji yawe ya baridi, kwani ya moto huigandisha damu ikang'ang'ania. Kwanza iondolewe damu yenyewe kwa matambara ya kutupwa, kisha ipitishwe dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, iachwe dakika kumi, ndipo isuuzwe. Na dawa hiyo isichanganywe na dawa kali za kuoshea vyoo, hutoka mvuke wenye sumu. Saruji hunywa, doa likiwa limezama, ni bora kung'oa tabaka la juu na kupiga sakafu upya. Sakafu ya udongo ichimbwe na udongo ubadilishwe.

Kijana aliniuliza iwapo chumba kile kitafaa kusaliwa tena, kwa kuwa doa halikutoka lote. Nilimwambia kwamba damu ni najisi, na najisi huondoka kwa kuondolewa yenyewe na kumiminiwa maji. Rangi ikibaki baada ya kusuguliwa na kushindikana, mafakihi wetu wameisamehe. Bedui aliyekojoa katika Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakubomolewa msikiti kwa ajili yake, bali iliagizwa ndoo ya maji ikamwagwa pale pale.

Sasa tuje kwenye kodi, ambayo ndiyo iliyomkosesha mama usingizi. Mama alisema: yeye amekufa, mkataba umekufa naye, fedha ni zangu. Wako wengi wasemao hivyo, nao hawakusudii kudhulumu, bali wameyapokea maneno hayo kwa wenzao. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu Afrika ya Mashariki, kupangisha hakuvunjiki kwa kifo cha mmoja wa wawili. Manufaa ya muda uliolipiwa huhamia kwa warithi. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi husema kunavunjika, lakini kwao vile vile kodi ya siku zisizokaliwa haiwi halali ya mwenye nyumba bure bure, hurudishwa. Kwa njia yoyote utakayoishika, miezi ile mitatu haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mjane na watoto wake, wakae au warudishiwe.

Na zile siku tisa ambazo polisi walikifunga chumba? Kodi ni badala ya manufaa, na manufaa yakikatika pasipo kosa la mpangaji, kodi yake imekatika. Siku tisa ziongezwe mwisho wa muda. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba mpangaji hana tena pa kushika. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka masharti yanayoingia katika upangishaji hata kama hayakuandikwa, na mojawapo ni kwamba mpangaji aliyelipa aachwe akae kwa utulivu, asisumbuliwe na mwenye nyumba.

Ama mlango na sakafu, nani alipe? Aliyevunja. Mpangaji ni mwenye kuaminiwa. Hadhamini kilichoharibika pasipo uzembe wake, na hakuna mwenye akili atakayesema kuwa kuuawa ni uzembe. Basi haifai kuukata mlango katika haki ya mayatima. Mahakama ikimtia mtu hatiani yaweza kumwamuru alipe fidia, na mwenye nyumba anayo haki ya kumweleza mwendesha mashtaka khasara yake na kumpa risiti za fundi. Sikumdanganya kijana, nilimwambia kwamba mwizi wa namna ile mara nyingi hana hata shati la pili, na kwamba huenda mlango ukabaki kuwa khasara ya mama. Alinyamaza kitambo. Hakika ilikuwa nzito kuisema, kwani mama mwenyewe ni mjane.

Vyombo vya marehemu navyo vilikuwa vimewekwa chumba cha mama, "mpaka mambo yatulie." Nilimwomba aandike orodha siku ile ile, cherehani, mizani, magunia, redio, kila kitu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na ndugu mmoja wa marehemu, maana mali hiyo imekwisha kuwa ya warithi baada ya kulipwa gharama za maziko na madeni. Msimamizi atakayeteuliwa na ukoo na kuthibitishwa na mahakama ndiye wa kukabidhiwa. Kuzuia vyombo vya maiti kwa kuwa unamdai ni tabia iliyoenea, nayo ni mbaya. Anayedai aende kwa msimamizi kama wadai wengine.

Kisha nilimwuliza kijana swali moja: "Huyo mama mjane, mmemwuliza yeye mwenyewe anataka nini?" Akainamisha kichwa. Wapangaji walikuwa wamemsema, dalali alikuwa amemsema, mama na mwanawe walikuwa wamejadiliana juu yake usiku kucha, wala hapana hata mmoja aliyemwuliza.

Hapa iko khabari katika vitabu vya Hadithi ambayo nilipoikumbuka nilishangaa jinsi inavyofanana na hii. Furaia binti Malik, katika zama za Mtume, mumewe alitoka kuwafuata watumwa wake waliotoroka, nao wakamwua karibu na Madina. Akaja kwa Mtume kutaka ruhusa ya kurudi kwa jamaa zake, akaeleza kwamba mumewe hakumwachia nyumba aliyoimiliki wala masurufu. Mwanzo alimruhusu, kisha akamwita tena, akamwambia akae katika nyumba ile ile iliyomfikia khabari ya kifo mpaka eda itimie. Akakaa miezi minne na siku kumi. Baadaye Seyyidna Uthman, alipokuwa Khalifa, alimtuma mtu kumwuliza juu ya jambo hilo, akahukumu kwa khabari yake. Tazama basi: mume ameuawa, nyumba si yake, na mjane ana haki ya kukaa. Wanazuoni wamesema kwamba akikhofia nafsi yake au mali yake anaweza kuhama, na mwanamke aliyeona wauaji kwa macho yake ana sababu ya kukhofu. Lakini khiyari hiyo ni yake. Haikupewa majirani.

Hesabu yenyewe ni hii. Eda ni miezi minne na siku kumi. Kodi iliyobaki ni miezi mitatu, ukiongeza siku tisa za polisi. Pamepungua mwezi mmoja na siku moja. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, makazi ya mjane katika eda hutoka katika mali ya marehemu, kwa hiyo mama angeweza kuudai mwezi ule kwa msimamizi wa mirathi, pasina haya.

Kijana alirudi nyumbani, akamwuliza. Jibu la mjane lilikuwa jepesi kuliko walivyokhofia wote. Alitaka kumaliza eda yake pale pale, kwa sababu mtoto mkubwa alikuwa ameanza shule na nyumbani kwao Mbozi hakukuwa na nafasi mpaka mavuno. Ila asingeweza kulala tena katika chumba cha tatu. Alipokuwa kimefungwa alilala kwa mpangaji wa chumba cha sita, mama muuza samaki, na huyo peke yake ndiye ambaye hakusema neno la mkosi. Vyumba vitatu vilikuwa vitupu! Akapewa cha tano, nyumba ni ile ile, ua ni ule ule.

Na huo mkosi, tuseme nini juu yake? Sitawakejeli waliohama. Yapo mapokezi kwamba watu walimlalamikia Mtume juu ya nyumba waliyoingia wakiwa wengi na wenye mali, wakapungua na mali ikapotea. Naye akawaambia waiache. Wanazuoni wameeleza kwamba nyumba haina uwezo wa kudhuru wala kunufaisha, lakini moyo ukikwisha kunasa katika dhana, na mtu akawa haingii mlangoni ila anatetemeka, kuhama ni dawa ya moyo, ili asije akaamini kuwa kuta ndizo ziuazo. Basi aliyeshindwa kulala na ahame, hana kosa. Kosa ni kuichukua ile dhana na kumtwika mwanamke aliyefiwa. Nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyengine; na yule hakuleta wezi, aliletewa.

Katika mkoa huu nalisema neno hili kwa msisitizo. Wenye umri wangu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, Songwe ilipokuwa bado ni sehemu ya Mbeya, zile khabari za wachuna ngozi, watu waliouawa kwa ajili ya ngozi zao kwenda kufanyiwa uchawi. Khofu ile haikufutika. Akiuawa mtu leo, hata kama sababu ni fedha za mahindi na kila mtu aijua, haupiti usiku mmoja ila pana atakayenong'ona kwamba pana jambo. Mama alikwisha kuletewa jina la mganga wa "kusafisha nyumba" na kutaja aliyehusika. Nilimsihi kijana wasimkaribie. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamtia hatiani mwenye kumtaja mtu kuwa ni mchawi, na Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Mganga angetaja nani? Angemtaja mjane, au mama muuza samaki. Wakitaka kusoma Qur'ani nyumbani mwao, wasome wenyewe. Suratul Baqara imepokewa kwamba humfukuza shetani katika nyumba isomwamo, wala haihitaji jogoo mweupe.

Limebaki la dalali, nalo ndilo ambalo kijana alilibishia sana. "Shekhe," alisema, "nikimwambia kila ajaye kwamba humu aliuawa mtu, nani atapanga? Si kusema uwongo, ni kunyamaza tu." Ni hoja ya wengi. Lakini nilimwuliza: kama jambo lile si kitu, kwa nini dalali atafute mgeni asiyejua? Kule kumchagua asiyejua ni ushahidi kwamba yeye mwenyewe anaona akijua atakataa, au atataka kodi ipunguzwe. Na kwa mafakihi, aibu ya kitu ni ile ipunguzayo thamani yake katika desturi ya watu, na anayeijua haimpasi kuificha. Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa kwa mvua, hakumwuliza mwenye mali kama amesema uwongo. Alimwuliza kwa nini hakuliweka juu lile lililolowa, watu walione. Muuzaji yule naye alikuwa amenyamaza tu.

Mataifa mengine yamelifikiri jambo hili mpaka yakaliwekea muda. Katika jimbo la California huko Marekani, mahakama mwaka 1983 ilimsikiliza mwanamke aliyenunua nyumba bila kuambiwa kwamba miaka kumi kabla yake waliuawa humo mama na watoto wanne, nayo ikasema kwamba ana haki ya kudai. Baadaye sheria ya jimbo hilo ikaweka kwamba kifo kilichotokea katika miaka mitatu iliyopita kielezwe. Japani, Oktoba 2021, serikali ilitoa mwongozo kwa mawakala wa nyumba: aliyekufa kwa maradhi au uzee si lazima atajwe, lakini kwa mauaji mpangaji aambiwe, kwa muda wa kama miaka mitatu. Hekima yake ni kubwa, kwani wenye nyumba walikuwa wakiwakataa wazee wasije wakawafia ndani. Waingereza wao, katika mji wa Gloucester, nyumba iliyofanyiwa mauaji mengi waliibomoa mwaka 1996. Hilo ni la wenye uwezo. Mama mwenye vyumba sita hawezi kubomoa, wala hana haja.

Basi aseme nini? Aseme machache, kabla ya kupokea fedha na si baada yake: kwamba mwaka fulani waliingia wezi chumba hiki, mpangaji akauawa, polisi wamemaliza, sakafu na mlango ni vipya, na kodi yake ni nafuu kuliko vyumba vingine. Hapana haja ya kueleza jinsi alivyouawa, wala kumtaja mjane. Akikataa, aende kwa amani. Dalali atanuna, kwa kuwa ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja na haraka ni yake. Lakini akiisha kulipwa yeye haonekani tena, na atakayegongewa mlango na mpangaji mwenye hasira siku majirani watakapomweleza ni mama.

Niliongeza shauri moja ambalo naona lina faida kuliko rangi. Januari 2024, mjini Nairobi, wasichana wawili waliuawa katika muda wa wiki mbili katika vyumba vya kukodishwa kwa siku, na Serikali ya Kenya ikawataka wenye vyumba hivyo wajisajili. Huko mgeni huletewa ufunguo na asionane na mwenye nyumba hata kidogo. Sisi bado twaonana, tuitumie neema hiyo: mpangaji aonyeshe kitambulisho, apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, majirani wamjue kwa jina. Ua uwe na taa iwakayo usiku kucha. Mlango uwe wa chuma, wenye komeo la ndani. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa wa mbao nyembamba, na kijana aliniambia, bila ya mimi kumwuliza, kwamba marehemu aliomba mara mbili ubadilishwe. Sikumjibu kitu. Yeye na mama yake wanalijua, na Mola wao analijua.

Mwezi huu nimepata salamu zake. Mjane alimaliza eda katika chumba cha tano, na ule mwezi uliopungua mama aliusamehe kwa hiari yake. Kisha jamaa walikuja kumchukua kwa gari la mahindi, akaenda Mbozi na watoto na cherehani yake. Vyumba vinne vina watu. Cha tatu walikitangaza kwa kodi pungufu, na kijana mwenyewe, si dalali, ndiye aliyekuwa akiwaeleza wanaokuja. Wa kwanza aliurudisha ufunguo pale pale. Wa pili alisema atafikiri, hakuonekana. Wa tatu ni utingo, mtu wa makamo, ambaye siku nyingi analala chini ya lori. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mlangoni, akalisukuma komeo la ndani mara mbili tatu kulijaribu, ndipo akauliza kodi ni kiasi gani.